Tanga: Watu wa Kalamu, Shule na Vyama vya Muziki

Mkoa wa Tanga uko kaskazini-mashariki mwa Tanzania Bara, ukipakana na Kenya upande mmoja na Bahari ya Hindi upande mwingine. Pwani yake ni ya Wadigo, Wasegeju na Waswahili wa miji ya kale. Nyuma ya pwani wako Wabondei wa Muheza na Wazigua wa Handeni na Pangani. Juu ya milima ya Usambara wako Wasambaa. Kwa umaarufu wa jina, Tanga haiwezi kushindana na Zanzibar wala Lamu. Hata hivyo ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizotoa maandishi mengi ya Kiswahili kiasi hicho katika miaka mia moja, kuanzia tenzi za mwishoni mwa karne ya 19 hadi riwaya za Shaaban Robert na nyimbo za taarabu zilizopigwa redioni kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa katika majumba ya masultani. Ilifanywa na makadhi, makarani, walimu, wafanyakazi wa bandarini na wanachama wa vilabu, watu walioandika na kuimba baada ya saa za kazi.

Alama kongwe zaidi za maisha ya mjini katika mkoa huu ziko Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Hapo yamebaki magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na kundi kubwa la makaburi ya nguzo. Kila kaburi la namna hiyo lilizungushiwa ukuta mfupi, na juu yake ikasimamishwa nguzo ya mawe na chokaa. Baadhi ya nguzo na kuta bado zinaonyesha vishimo vya mviringo mahali palipopachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa na biashara ya bahari. Mabakuli yenyewe yametoweka, lakini vishimo vinatosha kueleza utajiri wa waliozikwa pale. Wareno waliifahamu sehemu hii kwa jina la Mtangata. Vasco da Gama aliichoma moto moja ya meli zake, São Rafael, karibu na hapo mwezi Januari 1499 akiwa njiani kurudi kwao, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Lahaja ya Kiswahili ya pwani hiyo, Kimtang'ata, ilifanyiwa utafiti na mwanaisimu W. H. Whiteley, aliyechapisha kitabu kuihusu mwaka 1956.

Katika karne ya 19 mji uliotangulia kwa shughuli ulikuwa Pangani. Misafara ya pembe za ndovu iliteremka hapo kutoka bara, na kando ya mto Pangani kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na maofisa wa kampuni hiyo walipofika Pangani mwezi Agosti kutwaa madaraka, watu waliwakataa. Kiongozi wa upinzani alikuwa Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Vita vilienea pwani nzima. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Vita hivyo vilipata mwandishi wake papo hapo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni wa pwani ya Tanga, alitunga utenzi mrefu juu ya namna Wajerumani walivyoitwaa Mrima. Aliuandika kwa hati za Kiarabu, kwa mizani iliyozoeleka ya tenzi: ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, mistari mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukirudia kina kilekile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umbo hilo lilikuwa limezoea habari za Mtume na masahaba. Hemedi akalitia majadiliano ya Pangani, vitisho vya maofisa, hasira za watu na mizinga ya manowari. Msomaji anayetaka kujua watu wa Mrima walivyoiona mwaka 1888 siku ile bendera ya kampuni ilipopandishwa, hana shahidi bora kuliko huyu. Nyaraka za Wajerumani zinaeleza amri zilizotolewa. Utenzi unaeleza namna amri hizo zilivyosikika kwa waliopewa. Hemedi alitunga pia tenzi za hadithi za Kiislamu, na ujuzi wa ukoo wake haukuishia kwake. Mwanawe, Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy, alikuwa kadhi na mwandishi wa vitabu vya sheria ya Kiislamu kwa Kiswahili. Vitabu vyake juu ya ndoa na mirathi vilitumiwa pia na mahakimu wa serikali ya kikoloni waliohitaji kuielewa sheria hiyo.

Wakati huohuo kazi nyingine kubwa ya nathari ilikuwa ikiandikwa kuhusu milima iliyo nyuma ya pwani. Ufalme wa Wakilindi ulianzishwa katika karne ya 18, na masimulizi ya Wasambaa humtaja mwanzilishi wake kuwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu aliowaua, akakubaliwa kuwa mtawala mjini Vuga. Ufalme ulifikia kilele chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari J. L. Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848. Baada ya kifo cha Kimweri watoto na wajukuu wake walipigana wao kwa wao, biashara ya watumwa ikazidi, na Semboja wa Mazinde, aliyekaa karibu na njia ya misafara, akapata bunduki nyingi kuliko waliobaki mlimani.

Habari hizo zote ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mwandishi hakuwa Msambaa. Alizaliwa Zanzibar, akapanda bara na kuishi karibu na watawala wa Kikilindi kwa muda mrefu, akiwasikiliza wazee na kushuhudia mwenyewe mambo ya miaka ya mwisho. Kitabu kilichapishwa sehemu kwa sehemu na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA huko Magila, kuanzia miaka ya 1890 hadi 1907, kisha kikatolewa upya na East African Literature Bureau mwaka 1962. Nathari yake ni ya mtu anayezungumza na kikao. Watu wa kitabuni wanajibizana, wanatumiana wajumbe, wanapeana mafumbo, na mwandishi hakimbilii kuwahukumu. Wanahistoria waliokuja kuuchunguza ufalme wa Wasambaa, akiwemo Steven Feierman, walilazimika kuanza na kitabu hiki hata pale walipotofautiana nacho. Kukiita kitabu cha kumbukumbu tu ni kukipunja. Kinastahili kusomwa katika shule kama kazi ya fasihi, bega kwa bega na tenzi za pwani.

Magila, kilipochapishwa kitabu hicho, ni kituo cha misheni ya Kianglikana katika nchi ya Wabondei, karibu na Muheza. Wamisionari wa UMCA walianza kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1860, na baadaye wakaweka shule na mtambo wa kupiga chapa. Vijana wa Kibondei walisoma Magila, wengine wakaendelea katika chuo cha Kiungani huko Zanzibar, wakarudi wakiwa walimu, makasisi na makarani. Mtambo wa Magila haukutoa vitabu vya sala peke yake. Kwamba wamisionari wa Kikristo walikubali kuchapa historia ndefu iliyoandikwa na Mwislamu wa pwani kuhusu wafalme wa mlimani kunaonyesha upana wa fikra uliokuwapo katika baadhi ya vituo hivyo.

Mjini Tanga penyewe, chombo kikuu kilikuwa shule ya serikali ya Wajerumani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Haikuwa shule ya dini, na lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Wazazi wa Kiislamu waliokuwa na wasiwasi na shule za misheni waliweza kupeleka watoto wao bila kuhofia kubatizwa. Serikali ilihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida wa kusoma barua na kutunza hesabu, na shule ya Tanga ikawa kiwanda cha watu hao kwa koloni zima. Wahitimu wake walitawanywa hadi bara kabisa, wakienda na Kiswahili cha maandishi cha hati za Kilatini. Shule ilikuwa na karakana na bendi ya matarumbeta, na ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa ambao wanafunzi walifundishwa kuutumia.

Kutoka katika mtambo huo lilitoka gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kuendelea hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lilikuwa gazeti la serikali, na habari za kumpinga mtawala hazikuwa na nafasi humo. Lakini kurasa zake zilijazwa kwa sehemu kubwa na Waafrika wenyewe, walimu na makarani waliopeleka barua kutoka vituo vyao: habari za mvua na njaa, simba aliyeua watu, safari za reli, mashairi ya kujibizana. Mwalimu wa Tanga aliyehamishiwa karibu na Ziwa Nyanza aliweza kusoma barua ya mwenzake aliye Lindi. Watu wa sehemu za mbali walizungumza kwa maandishi, kwa lugha moja, katika gazeti moja. Waandishi wa Mambo Leo, gazeti la serikali ya Waingereza lililofuata katika miaka ya 1920, walikuta tayari wasomaji na watunzi waliokwisha zoea mazungumzo hayo.

Mwezi Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilishuka pwani ya Tanga na kushindwa vibaya na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wa Kiafrika chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Mapigano yalidumu siku chache. Yamejaza vitabu vya Ulaya vingi kuliko maisha ya mji huo kabla na baada yake.

Waingereza walipochukua utawala waliwakuta makarani waliosoma kwa Wajerumani na wengine waliosoma Kiungani. Mmoja wa hao wa pili alikuwa Martin Kayamba. Alizaliwa mwaka 1891 Mbweni, Zanzibar, kwa wazazi wa asili ya Bondei. Akasoma Kiungani, akafanya kazi Kenya na Uganda, akafungwa na Wajerumani wakati wa vita, kisha akaingia katika ofisi ya wilaya ya Tanga na kupanda hadi kuwa karani mkuu. Mwaka 1922 alianzisha na wenzake Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kinachojulikana kwa kifupi chake cha TTACSA. Wanachama walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa makabila tofauti, waliounganishwa na kazi na elimu. Walikuwa na mahali pa kukutania na kusomea magazeti, wakawa na timu ya mpira, na walipeleka serikalini maombi kuhusu mishahara na heshima ya mtumishi Mwafrika. Wanahistoria wa siasa za Tanganyika wanakihesabu chama hiki kuwa hatua ya kwanza katika njia iliyopita kwenye African Association ya mwaka 1929 na kuishia kwenye chama cha TANU mwaka 1954.

Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Safari hiyo aliiandikia kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kayamba alikuwa mpole kwa serikali, na waliokuja baadaye walimlaumu kwa upole huo. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haizingatii kwamba mwaka 1922 kuwakusanya makarani wa dini mbili katika chama kimoja, wakidai haki kwa barua zilizosainiwa majina yao, kulihitaji ujasiri wa namna yake. Alifariki mwaka 1939.

Mtu mkubwa kuliko wote waliotoka mkoani Tanga alikuwa pia karani. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akafaulu vizuri, lakini milango ya elimu ya juu kwa kijana Mwafrika wa wakati ule ilikuwa imefungwa. Akaajiriwa katika Idara ya Forodha, akakaa miaka mingi Pangani na vituo vingine vya pwani. Mwaka 1944 akahamishiwa Idara ya Mifugo huko Mpwapwa, bara. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na kuanzia mwaka 1952 akawa katika Idara ya Upimaji mpaka alipostaafu. Vitabu vyake vyote viliandikwa katika saa zilizobaki.

Wingi wa alichoandika unashangaza. Mashairi yake yalianza kuonekana magazetini katika miaka ya 1930. Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, kinasimulia ndoa, kifo cha mkewe, uhamisho na kazi, na ndani yake zimo tenzi mbili za nasaha alizowatungia watoto wake. Mwaka 1951 kilifuata Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani ambako kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kuanzisha somo la uanasheria. Mshitaki wake ni waziri Majivuno. Kwa siku sita Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuwafaa wananchi wao, na kila mmoja akalipwa kifungo. Kitabu hicho kilipita mikononi mwa wakubwa wa kikoloni kikiwa hadithi ya nchi ya kufikirika, na watoto wa Tanganyika wakakisoma darasani. Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kinatumia hadithi yenye asili katika Alfu Lela Ulela, ya mtu anayelazimishwa kuwapiga kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake waliogeuzwa. Msomaji mdogo hufurahia majini na safari, mkubwa huona uchambuzi wa husuda. Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958, ulikuwa kitabu cha kwanza kumpa mwimbaji mwanamke wa Kiswahili heshima ya kuandikiwa maisha yake.

Juu ya ubora wa kazi hizo wahakiki wametofautiana. Wapo waliomlaumu kwa kuwagawa watu wake katika wema kabisa na wabaya kabisa, na kwa majina yanayotangaza tabia kabla mtu hajafungua mdomo. Hukumu hiyo inazifaa baadhi ya riwaya. Haizifai insha zake wala masimulizi ya maisha yake, ambamo sentensi za Kiswahili zilifikia urari na ufasaha ambao nathari ya lugha hii haikuwa nao kabla yake.

Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, zilizochapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, zinaonyesha upande wa kazi ambao vitabu vinauficha: kutafuta karatasi, kusubiri majibu ya wachapishaji, kuhesabu malipo madogo, kuwa na miswada mingi kuliko nafasi ya kuichapa. Ulenge naye alikuwa mwandishi. Hadithi zake zilitoka katika kitabu cha Nguzo ya Maji mwaka 1951. Baadhi ya kazi za Shaaban alizitoa mwenyewe Tanga kwa fedha zake. Alifariki mwezi Juni 1962, nusu mwaka baada ya uhuru, akazikwa kwao Machui. Kufikirika, Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote na Utenzi wa Vita vya Uhuru vyote vilichapishwa miaka mitano au zaidi baada ya kifo chake. Serikali ya kikoloni ilimpa nishani ya MBE, na Dar es Salaam ina mtaa na shule ya sekondari kwa jina lake. Mirabaha na riziki aliyostahili akiwa hai hakuipata.

Baada yake ushairi haukukauka. Mwinyihatibu Mohammed, mtunzi wa diwani ya Malenga wa Mrima, aliendeleza mashairi ya vina na mizani wakati vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuwa wakihoji kama vina vinahitajika.

Taasisi nyingine ya mkoa huu inaonekana kuwa mbali na fasihi, nayo haiko mbali. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani, katika misitu ya Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo ambayo muda si mrefu ilijulikana dunia nzima kwa bustani yake ya mimea. Chini ya Waingereza wataalamu wa Amani, wakiongozwa na H. H. Storey, waligundua mengi kuhusu virusi vya mihogo, wakaeleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na wakazalisha aina za mihogo zinazostahimili magonjwa ambazo damu yake bado imo katika mbegu zinazopandwa Afrika leo. Mtaalamu wa mimea wa hapo, P. J. Greenway, alikusanya kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, iliyotolewa mwaka 1937. Majina hayo yalitoka vinywani mwa wakulima, waganga na wasaidizi wa Kiafrika waliotembea naye msituni, na kamusi ni kazi yao pia. Kabla yake, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alikuwa ametunga kitabu cha kujifunzia Kiswahili, kilichochapishwa Berlin mwaka 1890. Ndiye pia aliyepeleka Ulaya mbegu za ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, ambalo wanasayansi walilipa jina lake, Saintpaulia, na ambalo sasa hupandwa kwenye vyungu katika nyumba za Ulaya na Marekani.

Zao lililoubadilisha mkoa halikutoka Amani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba yaliyofuata reli ya Tanga hadi Korogwe na kuvuka, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, ikiongoza duniani. Kazi ya kukata majani yenye miiba ilikuwa ngumu, na wenyeji wengi waliikwepa. Wakaletwa manamba: Wamakonde, Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Warundi na wengine, kila mmoja na kipande chake cha siku 30 za kazi. Kambi zao zilikuwa duni. Lakini jioni na siku za mapumziko ngoma za nchi nzima zilichezwa katika eneo moja, na Kiswahili kikawa lugha ya lazima kati ya watu ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja.

Mji wa Tanga ulikuwa umekwisha zoea vyama vya ngoma. Beni, ngoma iliyoiga gwaride na matarumbeta, ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana pwani nzima, Marini na Arinoti, kila kimoja na vyeo, sare na mfuko wa kuzikana. Wanawake walikuwa na vyama vya lelemama. Utaratibu huo, wa kulipa ada, kuwa na viongozi, kununua vyombo kwa fedha za wanachama na kuwa na mpinzani wa jadi, ndio uliobeba muziki wa Tanga hadi enzi ya gitaa la umeme.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mji ulikuwa na bendi za dansi zilizojulikana nchi nzima, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zikiwa mbele, na kila moja ilikuwa na wapenzi wasiokanyaga dansi la mwenzake. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaenda Mombasa na kuanzisha Simba Wanyika. Bendi hiyo ilihamia Nairobi, ikawa shina la bendi nyingi: mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga na kuunda Les Wanyika, waliopiga Sina Makosa. Muziki uliozoeleka kuitwa wa Kenya, wenye gitaa linalosemezana na gitaa na uimbaji wa taratibu wa Kiswahili fasaha, kwa kiasi kikubwa ulipikwa Tanga. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995.

Upande wa taarabu Tanga ilifanya mapinduzi. Zanzibar ilikuwa na vikundi vikubwa vyenye fidla nyingi, udi, kanuni na akodiani, vikifuata mfano wa Misri. Black Star Musical Club ya Tanga ilitumia watu wachache: gitaa la umeme, besi, kinanda na ngoma ndogo, kwa mapigo yanayokaribia dansi. Ilikuwa taarabu nyepesi kubeba, rahisi kurekodi, na iliyompa mwimbaji nafasi yote ya mbele. Kutoka Black Star ilizaliwa Lucky Star Musical Club, na kwa miaka kadhaa mashindano ya vikundi hivyo viwili yalitoa nyimbo zilizoigwa Mombasa na kufika Burundi.

Sauti iliyodumu kuliko zote kutoka katika vikundi hivyo ni ya Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani. Alianza kuimba akiwa msichana mdogo, akapitia Black Star na Lucky Star, baadaye akajiunga na kikundi cha taarabu cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wimbo wake Macho Yanacheka unajulikana hata na watu waliozaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa. Sauti yake haikuwa ya kupaza. Aliitoa kwa utulivu, neno kwa neno, na msikilizaji alipata shairi zima bila kupoteza silabi, sifa ambayo taarabu ya kisasa ya vinanda na vipaza sauti imeipoteza. Alifariki mwezi Agosti 2016 akiwa Dar es Salaam.

Mpira nao ulipita njia ileile ya vilabu. African Sports ilianzishwa mwaka 1936 na Coastal Union mwaka 1948. Zote hutumia uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union, Wagosi wa Kaya kwa jina la mashabiki, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, katika ligi ambayo Simba na Yanga huwaachia wengine nafasi kwa nadra sana. Jina hilohilo lilichukuliwa na kundi la vijana wawili, Mkoloni na Dk. John, walioingia katika muziki wa kizazi kipya mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakiimba kwa lafudhi ya Tanga isiyofichwa. Katika Tanga Kunani walizungumzia hali ya mkoa wao uliodorora baada ya bei ya mkonge kuanguka na viwanda kufungwa, na katika Wauguzi waliwasema wahudumu wa hospitali wanaowatolea wagonjwa lugha chafu.

Kumbukumbu za mambo haya yote zimehifadhiwa kwa viwango tofauti sana. Magofu ya Tongoni yako chini ya uangalizi wa serikali. Katikati ya jiji iko maktaba ya mkoa, iliyojengwa katika miaka ya 1950 kwa jina la Mfalme George wa Sita na sasa ikiendeshwa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Boma la zamani la Wajerumani limekarabatiwa na shirika la Urithi Tanga na kufanywa makumbusho yenye picha za mji wa zamani, reli na mkonge. Bustani ya Amani bado ipo, ndani ya hifadhi ya msitu. Sehemu dhaifu ni karatasi na sauti. Daftari za vilabu vya taarabu, santuri za Black Star, picha za Jamhuri Jazz, nakala za Kiongozi na miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu vimo zaidi katika makabati ya familia kuliko katika taasisi yoyote ya umma, na chumvi ya hewa ya pwani haibagui karatasi ya thamani na isiyo ya thamani. Familia za Tanga, Pangani na Muheza zilizonavyo zinaombwa zikubali vinakiliwe sasa, wakati waliovitumia bado wapo wa kueleza nani ni nani pichani.